Kilwa Imeingia Kwenye Gemu, Kimebaki Kitabu

Tangu Februari 8, 2018, kijana aliyeketi chumbani kwake Seoul au São Paulo anaweza kuijenga Kilwa Kisiwani kwa kubofya tu. Siku hiyo kampuni ya Firaxis ya Marekani ilitoa Rise and Fall, nyongeza ya gemu lake maarufu la Civilization VI, na mji wa masultani wa pwani ya kusini ya Tanzania ukaingia kwenye orodha ya maajabu ya dunia ambayo mchezaji anaweza kuyasimamisha. Sharti lake ni ardhi tambarare inayopakana na bahari. Ujenzi ukikamilika, mchezaji anapewa wajumbe watatu wa kuwatuma kwenye miji huru iliyomo ramanini, zawadi inayoufaa mji uliotajirika kwa kufanya biashara na watu wa mbali. Hata kabla ya hapo, mwaka 2013, kampuni ya Paradox ya Sweden ilikuwa imetoa Europa Universalis IV, gemu linaloanza mwaka 1444, na humo Kilwa ni dola kamili ambayo mchezaji anaweza kuichagua na kuiongoza.

Anayesimama gatini Kilwa Masoko hahitaji kompyuta. Kisiwa chenyewe kiko ng'ambo ya mkondo, mashua zinakwenda na kurudi, na ngome ya Gereza imekaa pale ufukweni. Watoto wa mji huo ni watoto wa zama hizi. Kompyuta ya kuchezea Civilization ni ghali, lakini simu janja ya kaka au ya shangazi ina Subway Surfers au Free Fire, na katika miji mingi ya Tanzania hakikosekani kibanda chenye televisheni na pleistesheni ambako mpira huchezwa kwa kulipia mechi. Wanamjua bosi wa mwisho. Wanajua kwamba maisha yakibaki mamoja mtu hacheki tena, na kwamba mlango uliokataa sasa utafunguka ukirudi na ufunguo. Wanachokosa ni kitabu cha Kiswahili chenye mwendo huo, kitakachowachukua pale pale gatini na kuwapeleka kwenye Kilwa nyingine iliyojificha ndani ya ile wanayoiona kila siku.

Kwingineko vitabu vya aina hiyo vimejaa madukani. Ni hadithi za ajabu zinazotokea mjini, leo, kwa watoto wenye sare za shule na simu mfukoni. Rick Riordan wa Marekani alitoa The Lightning Thief mwaka 2005, akawahamishia miungu ya Wagiriki wa kale New York. Makao yao yapo juu ya jengo la Empire State, na anayetaka kupanda huko anaomba ghorofa ya 600. Nnedi Okorafor, mwandishi mwenye asili ya Nigeria, aliiweka Akata Witch ya mwaka 2011 katika mji wa Aba. Msichana wake Sunny anagundua kwamba chini ya mji wa masoko na magari kuna jamii ya wenye vipawa, na fedha yao haipatikani kwa kazi wala kwa urithi: mtu akijifunza jambo jipya, vipande vya chuma vinamdondokea kutoka hewani. Aliyewahi kumwona mhusika wa gemu akiokota sarafu baada ya kushinda kikwazo ataitambua mara moja kanuni hiyo. Filamu nazo hazikubaki nyuma. Katika Jumanji ya mwaka 2017 vijana wa sekondari wanamezwa na gemu la zamani, na kila mmoja ana maisha matatu tu yaliyochorwa mkononi.

Bara la Afrika limeshaanza kulijaza pengo hilo kwenye skrini. Mkusanyiko wa filamu fupi za katuni uitwao kwa Kiswahili Kizazi Moto ulionyeshwa na Disney+ mwaka 2023, na ndani yake wamo Raymond Malinga wa Uganda aliyeongoza Herderboy, kisa cha wachunga ng'ombe wa zama zijazo, na Ng'endo Mukii wa Kenya aliyeongoza Enkai. Mwaka uliofuata ikaja Iwájú, yenye Lagos ya kesho. Nairobi nayo ilikwishavamiwa na viumbe wa anga za mbali mwaka 2015, katika gemu la kufyatua risasi la Nairobi X lililobuniwa na Andrew Kaggia. Na mapema zaidi, mwaka 2007, Mkenya Wesley Kirinya alikuwa ametengeneza The Adventures of Nyangi, gemu la mwanamke anayesaka vitu vya kale vya Afrika. Baadaye akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha studio ya Leti Arts.

Kwa hiyo picha zipo, na vijana wa kuzitengeneza wapo. Kilichosinzia ni hadithi iliyoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya msomaji wa miaka 11 hadi 15.

Si kwamba Kiswahili hakina utamaduni wa maajabu. Mwaka 1952 Shaaban Robert alichapisha Adili na Nduguze, na kijana wa leo akisimuliwa kisa hicho anaweza kudhani kinatokana na gemu. Adili anafika katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Ndugu zake wawili waliomsaliti wanageuzwa manyani, naye anaamriwa na jini kuwapiga kila usiku; akiacha, adhabu inamgeukia yeye. Anawapiga huku analia, kisha anakula nao. Nguvu imetolewa, masharti yamewekwa, na masharti yenyewe yanamuumiza aliyepewa nguvu. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar akatoa Mzimu wa Watu wa Kale, ambamo Bwana Msa na kiko chake anafumbua fumbo la mauaji mahali ambapo watu wanaogopa mizimu kuliko wauaji. Naye Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya kusini, aliifungua tamthilia yake ya Mashetani ya mwaka 1971 kwa vijana wawili walio chini ya mbuyu. Wanacheza mchezo: Juma ni shetani, Kitaru ni binadamu. Mchezo unakwisha, lakini Kitaru hatoki ndani yake; anaugua, na ugonjwa huo unaibeba tamthilia nzima. Mchezo unaokataa kumwachia mchezaji! Waandishi wa Marekani waliojipatia mamilioni kwa wazo hilo walikuja baadaye.

Baada ya hapo njia ikapanda mlima. Euphrase Kezilahabi aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, Kyallo Wadi Wamitila akaandika Bina-Adamu! mwaka 2002, ni kazi zenye safari za ajabu, ila zinawataka wasomaji wa chuo kikuu. Kwa vijana, Edwin Semzaba alijaribu mkondo wa safari na maajabu katika Marimba ya Majaliwa. Lakini mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania kwa miaka mingi amekutana zaidi na Watoto wa Mama N'tilie, Takadini au Joka la Mdimu, vitabu vizuri vinavyobeba umaskini, unyanyapaa na rushwa. Anavisoma kwa sababu mtihani unakuja. Cha kusoma kwa tochi usiku, kwa sababu tu hawezi kukiacha, anakitafuta kwingine, mara nyingi kwenye simu.

Hapa ndipo gemu linapoweza kumfundisha mwandishi, na somo lake kubwa haliko kwenye mapanga yanayowaka moto. Liko kwenye kanuni. Mchezaji wa gemu havumilii miujiza ya bure. Anataka kujua nguvu hii inatoka wapi, inakwisha lini, inagharimu nini, na nani mwingine anayo. Hadithi ambayo shujaa anaokolewa na bibi kizee aliyetokea ghafla na hirizi ukurasa wa mwisho inamuudhi kama gemu linalojichezea lenyewe. Wazee wanaocheza bao barazani wanalielewa jambo hili kuliko mhariri yeyote. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, ananamua mpaka kete za mkononi ziishe, ndipo mchezo unapoingia kwenye mtaji na kubadilika kabisa. Kuna nyumba inayolindwa kwa sheria zake, na kuna wakati wa kutakata tu kwa sababu hakuna cha kula. Mwandishi anayetaka kanuni za uchawi wa hadithi yake hana haja ya kuziagiza ng'ambo.

Kilwa yenyewe ilianza, kwa masimulizi yake, na kanuni ya namna hiyo.

Habari za kale za Kilwa Kisiwani, ambazo Mjerumani Carl Velten alizichapisha kwa Kiswahili mwaka 1907, zinamtaja mkuu wa kisiwa aitwaye Mrimba na mgeni aitwaye Ali bin Selimani. Mgeni anataka kukinunua kisiwa. Bei yake ni nguo nyingi za kutandazwa. Zikatandazwa, zikatosha, Mrimba akahamia bara. Ila wakati huo maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu, na Mrimba alikuwa na nia ya kurudi na watu wake kukitwaa tena. Ali akasoma Kurani na kutoa kafara, na tangu siku hiyo maji hayakupwa tena hadi kufikia kukauka. Mrimba alipofika ufukweni na jeshi lake akakuta mkondo umejaa.

Wanaakiolojia wana maelezo yao. Uchimbaji ulioongozwa na Neville Chittick miaka ya 1960, na kazi zilizofuata, unaonyesha mji uliojengwa na wenyeji wa pwani na kukua hatua kwa hatua, wala si mji ulioletwa tayari ndani ya jahazi. Lakini kwa mtunzi wa hadithi ya vijana, masimulizi ya Mrimba ni hazina. Yana lango, ambalo ni bahari. Yana saa, kwa maana kila mtoto wa Kilwa anajua tofauti ya bamvua na maji mafu, na anajua siku ambazo mwamba fulani unachomoza. Yana mkataba wenye deni lisilolipwa: ukoo wa Mrimba ulipokea nguo, ukafungiwa njia ya kurudi. Mwandishi akiuliza tu, "Na kafara ile ikiisha nguvu leo, bamvua kubwa ikapwa mpaka mkondo ukakauka, nani atavuka kwanza?" tayari ana kitabu. Na ana watoto wawili wa kukianza, mmoja wa kisiwani na mwingine wa bara, ambao mababu zao walikuwa pande mbili za mkataba ule.

Jengo la kuingia halina shida kupatikana. Husuni Kubwa imekaa juu ya genge linaloitazama bahari, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane, kazi ya enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14. Huyu ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Msafiri huyo anasimulia kwamba sultani alijulikana kama Baba wa Zawadi, na kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani hakubishana, alirudi msikitini, akavaa nguo nyingine, akampa zile alizoombwa. Mwanawe baadaye akazikomboa kwa fakiri kwa watumwa kumi, na sultani akaongeza wengine kumi pamoja na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hiki kina ukarimu na kina kidonda, kwa sababu kipimo cha ukarimu huo ni binadamu. Kijana wa leo akikutana nacho kitabuni ataona fahari ya Kilwa na gharama yake kwa pamoja, bila mwalimu kumwonyesha kidole.

Halafu kuna sarafu. Masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba, na nyingi kati yake zina utundu wa kishairi: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili sifa ya Mwenyezi Mungu, na maneno ya pande hizo mbili yanapatana kwa vina. Kwa mchezaji wa gemu hilo ni fumbo lililokwisha kutungwa, kwani aliyeshika upande mmoja hana budi kutafuta kina chake. Sarafu hizo zilisafiri pia. Moja imepatikana Great Zimbabwe, kulikotoka dhahabu iliyoishibisha Kilwa kupitia Sofala. Na mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliyekuwa zamu katika kisiwa cha Marchinbar kaskazini mwa nchi yake, aliokota mchangani sarafu tisa. Nne zilikuwa za Wadachi, tano za Kilwa. Wataalamu wametoa dhana nyingi, hakuna iliyothibitishwa kuhusu namna zilivyofika huko. Mtunzi mwenye mawazo anaruhusiwa kuwatangulia.

Swali moja linastahili kuulizwa. Hadithi za aina hii zinataka mji, na je, Kilwa ni mji? Jibu ni kwamba Kilwa ni miji mitatu, na ndiyo sababu inafaa kuliko majiji mengi makubwa. Kisiwani ulikuwa mji wa mawe wakati majiji mengi ya leo hayajazaliwa, ukaporwa na Wareno wa Francisco de Almeida mwaka 1505, na sasa ni kijiji kinacholala kando ya msikiti mkuu wenye kuba. Kivinje, kaskazini mwa Masoko, ulikuwa katika karne ya 19 bandari kubwa ya misafara ya watumwa na pembe kutoka pande za Ziwa Nyasa, kisha boma la Wajerumani. Hapo ndipo walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Masoko ndio mji wa leo wa wilaya, wenye benki, shule, bodaboda, na vijana wanaosubiri bando liingie. Mtoto anapanda daladala asubuhi kutoka Masoko na kushuka Kivinje akiwa amevuka miaka mia moja, halafu anapanda mashua na kuvuka mia sita. Levo tatu, kila moja na sheria zake na bosi wake, na nauli inalipika.

Kivinje ndiko mwandishi anakopaswa kupunguza mwendo. Gemu limezoea kumfanya adui awe wa kupigwa tu, akianguka pointi zinaongezeka. Watu waliopita Kivinje wakiwa wamefungwa minyororo walikuwa na majina na nyumbani kwao, na wajukuu wa pande zote mbili wanaishi mitaa hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye masimulizi yanasema aliingia katika maji ya mto asionekane, kisha akatoka akiwa mkavu, na maji yake yakawaahidi watu kwamba risasi zitageuka. Mwandishi mvivu atayageuza maji hayo kuwa dawa ya kuongeza maisha. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Agosti 4, 1905, vita vya Maji Maji vikaendelea hadi 1907, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko bunduki. Ngao iliyoshindwa, na watu walioungana kwa sababu ya ngao hiyo hata hivyo, ni jambo ambalo kijana wa miaka 13 anaweza kulielewa iwapo mwandishi hatamdharau. Mapango ya Nang'oma katika milima ya Umatumbi, walimojificha watu wakati wa vita hivyo, yanasubiri hadithi yenye heshima hiyo. Na mizimu ya sehemu hizo bado ina wenyewe wanaoiheshimu. Si mapambo ya jalada.

Kusini zaidi, pwani ya Lindi ina zimwi lisilohitaji kubuniwa. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani Bernhard Sattler alionyeshwa mifupa mikubwa iliyochomoza ardhini katika kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba hapo kwa mikono ya mamia ya wafanyakazi wenyeji, na wapagazi wakaibeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Dinosaria mmoja aliyeundwa kwa mifupa hiyo, mjusi wa miaka takriban milioni 150 iliyopita, anasimama hadi leo katika ukumbi wa makumbusho hayo, urefu wake kwenda juu ukizidi mita 13, tangu alipounganishwa mwaka 1937. Msimamizi mwenyeji wa uchimbaji, Boheti bin Amrani, alisubiri karibu karne nzima kabla ya jina lake kupewa mjusi mwingine wa Tendaguru, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Hoja ya mifupa hiyo kurudi, au walau kulipiwa, imefika mpaka bungeni Dodoma.

Studio ya Nyamakop ya Johannesburg ilitangaza mwaka 2025 gemu liitwalo Relooted, ambamo kundi la Waafrika linaingia makumbusho ya nchi za Magharibi kwa mbinu za kijambazi ili kurudisha vitu vilivyochukuliwa Afrika. Mtu yeyote wa Lindi akisikia muhtasari huo anajua mara moja ni kipande gani kingekuwa kizito zaidi kukitoa mlangoni. Fikiria kitabu ambacho mjusi mwenyewe ameamua kurudi, usiku mmoja katika Barabara ya Invalidenstraße yaliko makumbusho ya Berlin, na watoto wa Lindi ndio pekee wanaomsikia akija kwa sababu ardhi ya Tendaguru inatetemeka kila anapopiga hatua Berlin. Kanuni ziko wapi? Kwenye uzito, kwenye bahari, na kwenye majina ya wapagazi ambayo lazima yatajwe moja moja ili kila mfupa ukubali kunyanyuka. (Mwenye kutaka kulichukua wazo hili alichukue, halidaiwi na mtu.)

Kwa anayewaza kutoka kitabuni hadi kwenye gemu lenyewe, sehemu ya kazi imeshafanywa na wengine. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town uliyapima magofu ya Kilwa kwa miale ya leza na kutengeneza mifano yake ya pande tatu. Januari 2020 shirika la CyArk na Google walizindua Heritage on the Edge, mradi wa maeneo matano duniani yanayotishiwa na mabadiliko ya tabianchi, na Kilwa Kisiwani ni mojawapo, kwa kuwa mawimbi yanakula ufuo chini ya majengo yake. UNESCO iliiweka Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikaihamishia kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na kuitoa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati, ikiwemo juhudi za kulinda fukwe. Kijana mwenye simu na bando anaweza leo kuzungukazunguka ndani ya Gereza bila kupanda mashua. Adui wa hadithi, ikibidi awepo, anaonekana wazi katika picha hizo: ni bahari ile ile iliyomzuia Mrimba, sasa imegeuka kuwadai wenye kisiwa.

Hata hivyo, gemu kamili linataka timu, umeme usiokatika, kompyuta zenye nguvu na fedha za miaka. Kitabu kinataka mtu mmoja mwenye subira, mchoraji, na mchapishaji asiyeogopa. Uzoefu wa kuwavutia vijana kwa visa vya mjini upo. Miaka ya 1970 na 1980 Elvis Musiba na Ben Mtobwa waliwafanya Watanzania wapokezane riwaya za upelelezi mpaka majalada yakachanika, na hakuna aliyewalazimisha kusoma. Kwenye mabanda ya video ya Dar es Salaam, Lufufu alizichukua filamu za Hollywood na Hong Kong, akazisimulia upya kwa Kiswahili chenye mizaha ya mtaani, na watu wakalipa kumsikiliza yeye. Wasomaji na wasikilizaji hawakuhama Kiswahili. Wanafuata kisa kilipo.

Kuhusu lugha, mwandishi asione haya. Wahusika waseme "gemu," "levo," "nimekufa, nipe zamu," kama watoto wanavyosema, na bibi yao aseme Kimwera au Kimatumbi pale inapobidi. Msimulizi naye asiuchoshe ukurasa kwa kueleza magofu kama mwongoza watalii. Mtoto atalijua birika la pembe nane siku shujaa atakapolazimika kulivuka, pembe kwa pembe, kabla maji hayajarudi.

Mahali pa kupeleka mswada papo. Taasisi ya Elimu Tanzania inaendesha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na hadithi za watoto ni miongoni mwa nyanja zake. Walimu wa Kilwa na Lindi wanaofundisha Kiswahili huku wanafunzi wakicheza gemu chini ya dawati wanawajua wasomaji hawa kuliko jopo lolote la wahariri wa Dar es Salaam. Waanze wao kuandika, hata kwa sura tatu za kwanza, na wawasomee wanafunzi darasani Ijumaa mchana. Wakisikia kelele za kutaka sura ya nne, waiandike.